Rivolva mbili zinafanana, nichukue ipi?

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya rivolva ndogo za kujilindia, yaani bastola zenye silinda ya risasi inayozunguka, na yametoka kwa wenzetu wanaoishi Marekani: wauguzi wa zamu ya usiku, wenye maduka, madereva. Nimeyafupisha bila kuyapotosha. Sheria ninazozitaja ni za huko waliko, isipokuwa jibu la mwisho.

*

*Shikamoo mwalimu. Muuza silaha kanitandikia mbili mezani, Smith & Wesson 642 na Ruger LCR. Zote risasi tano, zote za risasi aina ya .38 Special, zote nyundo imefichwa ndani. Nikiondoa jina ubavuni sioni tofauti. – Muuguzi, Columbus, Ohio*

Marahaba binti. Tofauti ipo, ila haionekani kwa macho. Utaijua kwa kidole.

642 ina bodi ya aloi ya alumini, mtutu na silinda vya chuma kisichoshika kutu, na bila risasi ina gramu 410 hivi. Ukoo wake unaanzia Chiefs Special ya 1950; umbo la nyundo kufichwa ndani lilikuja na Centennial ya 1952, kampuni ilipokuwa ikitimiza miaka 100. LCR ilitoka 2009, nayo sehemu ya chini inayobeba kifyatulio ni ya polima, ndiyo maana inashuka hadi gramu 380 na ushei. Hizo gramu 30 usizihangaikie, mfukoni huzisikii.

Sasa vuta kifyatulio. Muombe muuzaji ruhusa, hakikisha silinda ni tupu, yeye aangalie na wewe uangalie, elekeza mtutu mahali salama, kisha vuta polepole. Cha 642 kinazidi kuwa kizito kadiri unavyokaribia mwisho, na hapo mwishoni ndipo mikono ya wengi hutikisika. Ndani ya LCR kuna kipande kilichochongwa ili kusambaza uzito huo, kwa hiyo mvuto ni laini na sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho. Jaribio ninalowapa wanafunzi wangu ni la sarafu: iweke juu ya mtutu, vuta hadi nyundo ianguke, tuone kama sarafu itabaki. Kwa LCR wengi huiacha pale pale siku ya kwanza. Kwa 642 huchukua mazoezi.

LCR nayo ina tabia yake. Ukishafyatua, ukiachia kifyatulio nusu njia utasikia mlio mdogo, udhani kimesharudi. Hakijarudi. Ukivuta hapo utavuta bure, na mtu mwenye woga huachia nusu. Zoea kuachia kidole hadi mbele kabisa.

Mengine mawili, haraka. Mpini wa LCR unafunika mgongo wa bodi kwa mpira, wakati ule wa kawaida wa 642 unauacha chuma wazi kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na hapo ndipo teke la silaha ikifyatuliwa linapoumiza. Halafu kilengeo cha mbele cha LCR kimeshikwa kwa pini na hubadilishwa. Cha 642 ya kawaida kimeungana na mtutu, kijivu juu ya kijivu, hadi watu hukipaka rangi ya kucha. Kwa upande mwingine, ala za kuvaa zinazoitoshea 642 zimejaa kila duka.

Mimi ningechukua LCR. Lakini nenda kwanza kwenye uwanja wa shabaha unaokodisha zote mbili, upige risasi 20 kwa kila moja. Ukipiga vizuri zaidi na 642, achana na mimi.

*

*642 moja ina kitundu juu ya kitufe cha kufungulia silinda, nyingine haina. Ile yenye tundu ni mtumba?* 

Si mtumba. Ni kufuli la ndani, linafungwa kwa ufunguo mdogo, na kampuni ilianza kuliweka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mimi hupendelea isiyo nalo, kwa kuwa kila kipande cha ziada ni kitu kingine cha kuharibika. Lakini kama yenye tundu ndiyo iliyopo na bei ni nzuri, usikose usingizi.

*

*Kaka, si bora nichukue ya .357 Magnum kabisa? Inakula risasi zote mbili. – Dereva, Houston, Texas*

Ni kweli inakula zote mbili. Ganda la .357, risasi iliyotoka 1935, ni refu kuliko la .38 kwa milimita tatu na kitu, hivyo .38 inaingia ndani ya silinda ya .357, na kinyume chake hakiwezekani. Tatizo ni mtutu wa chini ya inchi mbili. Baruti nyingi inaungulia nje: unapata moto mkubwa, kelele ya kuziba masikio ndani ya gari, na teke litakalokufanya uache mazoezi.

Ipo sababu nyingine nzuri ya kununua LCR ya .357. Bodi yake ni ya chuma, uzito gramu 485, kwa hiyo ukiitilia .38 inatulia mkononi kuliko ndugu yake mwepesi. Inunue kwa ajili ya uzito, ile Magnum uisahau.

Kinyume chake ni Smith & Wesson 340PD, yenye bodi ya aloi ya alumini na skandiamu, na silinda ya titani, gramu 330 hivi. Ni raha kuibeba na adhabu kuipiga. Ubavuni mwa mtutu wameandika kwamba usitumie risasi ambayo kichwa chake kina uzito wa chini ya grein 120 (grein ni kipimo kidogo cha uzito). Silaha ikiwa nyepesi hivyo, teke linaweza kuvuta vichwa vya risasi zilizobaki vikachomoza kwenye maganda, na kimoja kikigusa bodi, silinda inakwama. Rivolva iliyokwama hivyo hutaifungua ukiwa katikati ya balaa.

*

*Nina duka Minneapolis. Sitaibeba mfukoni sana, itakaa kiunoni. Wananiambia Colt Cobra, Kimber K6s au Taurus 856. – Mwenye duka*

Mzee, kwa kiuno umeshauriwa vizuri. Zote tatu zina risasi sita, na zikiwa za chuma tupu zina kati ya gramu 620 na 710. Uzito huo utausikia jioni, lakini ndio unaokufanya upige risasi ya pili mahali pale pale. Kimber inapiga hadi .357, na kifyatulio chake kikiwa kipya kabisa ni chepesi kuliko unavyotarajia. Cobra ya sasa ilirudishwa sokoni 2017, ni ya .38. Taurus ya Brazili ndiyo ya bei ya chini. Usiidharau, ila kabla ya kulipa izungushe silinda pole pole, chumba kwa chumba, uone kila kimoja kinajifunga kabla nyundo haijaanguka.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kitufe cha kufungulia silinda kwa Colt unakivuta nyuma, kwa Smith & Wesson unakisukuma mbele, kwa Ruger na Kimber unakibonyeza ndani. Kama nyumbani tayari una aina moja, baki nayo. Na kwa kuwa mtutu ni mfupi, fimbo ya kutolea maganda nayo ni fupi, haiyasukumi hadi nje. Inua mdomo wa silaha juu, ipige fimbo kwa kiganja mara moja kwa nguvu. Ukiigusa kwa huruma, ganda moja litabaki limening'inia.

Minnesota inataka kibali cha kubeba hadharani, na mafunzo kabla ya kukipata. Anza na hayo.

*

*Risasi gani kwa mkono wenye baridi yabisi?*

Ulizia *wadcutter* ya grein 148, ile yenye kichwa bapa. Ilitengenezwa kwa ajili ya shabaha, teke lake ni dogo, na inapenya vya kutosha. Kujaza upya ni kugumu kwa sababu ya ule ubapa wake, basi.

*

*Mimi ni mwanafunzi, nina viza ya F-1, nipo Dallas. Texas si hawahitaji kibali tena? Binamu yangu ni raia, anaweza kuninunulia.*

Mdogo wangu, hapana mara mbili. Tangu Septemba 2021 Texas imeondoa sharti la kibali cha kubeba, lakini sheria ya shirikisho inakataza mwenye viza ya muda kumiliki silaha, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Wenye ukaazi wa kudumu wanaruhusiwa, na bastola dukani inauzwa kwa aliyefikisha miaka 21. Binamu akinunua kwa pesa yako, fomu 4473, ile ya serikali inayojazwa dukani, itamuuliza kama yeye ndiye mnunuzi halisi. Akijibu ndiyo amesema uongo kwa serikali, na nyote wawili mna kesi. Wewe na viza yako pia.

*

*Naiweka kwenye mkoba. Kuna ubaya?* 

Upo, dada. Rivolva hizi hazina kitufe cha usalama. Kinga yake ni uzito wa kifyatulio. Kalamu au ufunguo ukipenya pale, na mkoba ukivutwa, utajua. Kama lazima iwe mkobani, iwe ndani ya ala inayofunika kifyatulio, kwenye mfuko wake peke yake. Na mkoba usitue sebuleni kwenye watoto. Ukifika nyumbani, silaha inaingia kwenye sefu kabla hujavua viatu.

*

*Nahamia Mombasa moja kwa moja mwakani. Naweza kuja nayo?* 

Usiifungashe. Kenya silaha ya mtu binafsi inahitaji cheti kutoka Bodi ya Leseni za Silaha, na kibali cha Texas au Ohio hakina thamani yoyote bandarini wala uwanja wa ndege. Tanzania nako ni hivyo hivyo, chini ya sheria yao ya 2015. Usimwachie jirani kienyeji pia. Iuze kwa muuzaji mwenye leseni wiki kadhaa kabla ya safari, uchukue risiti yenye namba ya silaha, na uitunze.