Majina mmefuta, lakini mama aliridhia nini?

Swali: Shikamoo Daktari. Miaka minne iliyopita tulichukua damu za watoto na wazazi wao vijijini kwa utafiti wa malaria. Vichupa vilivyobaki tukavihifadhi kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Mwaka jana tulivitumia kuchunguza kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, baada ya kufuta majina yote. Makala tumeipeleka kwenye jarida linaloangalia athari za sayansi ya uhai kwa jamii, na mhariri anauliza washiriki waliridhia nini hasa. Sisi tunaona hakuna wa kudhurika, maana majina hayapo. Tumjibuje? (Mtafiti, Mwanza)

Jibu: Marahaba. Kabla ya kumjibu, fungueni faili la fomu za ridhaa mkasome sentensi inayoeleza damu itatumika kwa kazi gani. Someni fomu ya Kiswahili, ile aliyosomewa mama pale zahanati. Katika kamati ya maadili ya utafiti nimeona zaidi ya mara moja fomu mbili za mradi mmoja zikipishana: ya Kiingereza inasema malaria na tafiti nyingine za afya za baadaye, ya Kiswahili inaishia kwenye kupima malaria. Kama ya kwenu iliishia hapo, mama yule aliridhia malaria tu. Kufuta jina lake hakuongezi neno kwenye alichokubali.

Wahavasupai, jamii ndogo inayoishi ndani ya korongo la Grand Canyon huko Marekani, walipatwa na jambo hilihili. Kuanzia 1990 walitoa damu kwa watafiti wa Arizona State University, wakijua unatafutwa undani wa kisukari kilichokuwa kikiwatesa. Fomu waliyotia sahihi ilikuwa pana kuliko hapo, ila kwa mdomo walichosikia ni kisukari. Damu ikaja kutumika kuchunguza ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, kuzaana kwa ndugu wa karibu, hata mababu zao walitoka wapi, ilhali wao wanaamini asili yao ni palepale korongoni. Waligundua mwaka 2003, mmoja wao alipohudhuria utetezi wa tasnifu chuoni hapo akauliza kama ruhusa iliombwa. Kesi ilimalizwa 2010 kwa makubaliano: watu 41 walilipwa dola 700,000 na damu iliyobaki ikarudishwa kwao. Kilichowauma ni kutumiwa kwa jambo ambalo hawakuulizwa.

Sasa hilo la kusema hakuna wa kudhurika. Ninyi mmepima mtoto, mama na baba kwa pamoja. Kinasaba cha selimundu hurithiwa. Ikitokea mtoto anacho na wazazi wote wawili hawana, mstari mmoja kwenye jedwali lenu umeshatangaza kwamba huenda baba si baba. Na kama jedwali limetaja kijiji, umri wa mtoto na idadi ya watoto wa nyumba ile, jirani hahitaji jina. Ndoa inaweza kuvunjika kwa jedwali. Naomba mlitazame upya leo hii, kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa mhariri semeni kweli: kibali kilikuwa cha malaria, na hii kazi ya pili haikuombewa kibali, kama ndivyo ilivyokuwa. Msikimbilie kuomba kibali cha kurudi nyuma, yaani cha kazi iliyokwisha kufanyika, kwani kamati za maadili kwa kawaida hazikitoi. Huenda mkalazimika kuiondoa makala. Inauma, najua, ni kazi ya mwaka mzima. Kisha iandikieni kamati iliyowapa kibali cha kwanza, na ile ya taifa iliyo chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), mweleze kilichofanyika na mnachotaka kufanya na vichupa vilivyobaki. Wanaweza kuwaagiza mrudi vijijini kuomba ridhaa mpya. Mkiagizwa, nendeni kwa moyo. Watu wetu wamesimuliana habari za mumiani tangu enzi za ukoloni, na mtu anayesikia kwamba damu ya mwanawe ilipimwa kitu asichoambiwa hatamfungulia mlango mpimaji wa surua kesho.

Safari ijayo wekeni swali la matumizi ya baadaye peke yake kwenye fomu, lenye nafasi ya ndiyo na hapana, na mtu akisema hapana aendelee kushiriki kwenye malaria. Damu ikitakiwa kwenda nje ya nchi, hilo nalo liulizwe peke yake, na mkataba wa kuhamisha sampuli upitishwe kabla sanduku la barafu halijafungwa.

Hadi kamati ijibu, friza isifunguliwe.