Baiskeli bila milima Moshi? Shukeni Mabogini
Dada, umeuliza kundi lako la watu kumi ambao hawajazoea baiskeli liendeshe wapi hapa Moshi. Marangu iacheni, ni milima, baiskeli mtazikokota tu. Shukeni kusini: pitieni Msitu wa Rau, mtokee kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini. Huko ni tambarare. Mnafuata tuta la mfereji taratibu, maji yanachuruzika pembeni, watoto wanapiga madebe kufukuza kwelea, wale ndege wala mpunga. Tokeni saa 12 asubuhi Mlima Kilimanjaro ukiwa bado wazi, mkichelewa wingu linaufunika. Masika msijaribu, tope la kule linaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma. Na bebeni pampu na viraka! Sisi juzi tulibeba maandazi tu (matamu kweli), mwiba mmoja ukatutembeza kwa miguu hadi barabarani.