Maswali kwa Fundi: Mbao za Bodi ya Lori la Kijeshi la Zamani

SWALI: Ndugu Fundi, mimi ni Mkongomani niishiye Liège, Ubelgiji. Pamoja na jirani yangu tunafufua lori la kijeshi la Kimarekani aina ya GMC CCKW, la wakati wa Vita Kuu ya Pili. Injini inawaka na breki zimekamilika, lakini bodi ya nyuma, ambayo karibu yote ni ya mbao, imeoza. Sakafu inabonyea, mabenchi ya pembeni yamepasuka, na ncha za boriti za chini zinamomonyoka mkononi. Jirani yangu anataka tubomoe yote na kuweka plaiwudi nene, kwa hoja kwamba ikishapakwa rangi ya kijani hakuna atakayetambua tofauti. Je, tumfuate? Na ikiwa tutatumia mbao, ziwe za mti gani?

JIBU: Ndugu yangu, nakuomba kwanza uwazuie wote wenye nyundo wasiiguse bodi hiyo. Mbao mnazoziona kuwa takataka ndizo ramani yenu, na zikishachomwa hamtaipata nyingine iliyo sahihi kwa lori hilohilo. Malori ya aina hiyo yalitengenezwa zaidi ya 500,000 kati ya 1941 na 1945, na bodi zake hazikuwa za namna moja. Za mwanzo zilikuwa za chuma, kisha zikaja za mbao kwa sababu chuma kilihitajiwa kwa mambo mengine ya vita, na baadaye zikatengenezwa za mchanganyiko wa chuma na mbao. Kwa hiyo vipimo vya lori la mwenzenu vinaweza kuwapoteza kabisa.

Kabla ya kufungua boliti hata moja, pigeni picha kila upande, kisha mpeni kila ubao namba yake na kuiandika upande usioonekana. Mnapopima matundu, pimeni yote kutoka ncha moja ya ubao, wala msipime kutoka tundu hadi tundu, kwa sababu makosa madogo hujumlishana na mwishoni boliti ya mwisho haiingii. Pale ambapo ubao umeoza hata hauna umbo, kiulizeni chuma: vyuma vya pembe, mikanda na mabano yaliyoushika bado yana matundu yake mahali palepale yalipotobolewa kiwandani.

Hapa kuna mtego ambao umewanasa mafundi wengi hodari. Ubao husinyaa kwa upana wake, lakini kwa urefu hausinyai kwa kiasi cha kuhesabika. Ukinakili upana wa kila ubao wa zamani kama ulivyo leo, baada ya miaka themanini ya jua na mvua, utapata sakafu iliyo nyembamba kuliko fremu yake, na pengo lote litajikusanya upande mmoja. Chukueni urefu kutoka kwenye ubao, lakini upana wa jumla uchukueni kutoka kwenye vyuma vinavyoizunguka sakafu, kisha mgawanye kwa idadi ya mbao.

Kuhusu plaiwudi, siungi mkono shauri la jirani yako, ingawa najua linatoka kwenye moyo wa kutaka kazi iishe. Plaiwudi ina nguvu, lakini kingo zake hunywa maji na matabaka yake huachana, na likiharibika pande moja unang'oa eneo kubwa badala ya kubadilisha ubao mmoja. Tena tofauti itaonekana. Mtu akipanda nyuma na kuketi kwenye benchi ataitazama sakafu, na mistari ya mbao haitakuwepo. Malori haya ndiyo yaliyobeba mafuta, risasi na chakula kutoka Normandy, Ufaransa, kuyafuata majeshi ya Washirika kuanzia Agosti hadi Novemba 1944, katika msafara uliojulikana kama Red Ball Express, na wengi wa madereva wake walikuwa Wamarekani weusi. Mimi huona kwamba sakafu waliyoikanyaga watu hao yastahili kurudishwa kwa namna ileile iliyojengwa.

Kwa huko Ulaya, tumieni mwaloni uliokauka vizuri, wenye unyevu wa takriban asilimia 12 hadi 16, kwa kuwa bodi itaishi nje. Ombeni mbao za kiini cha mti, na zile za rangi nyepesi za karibu na ganda zikataeni, kwani hizo huoza upesi hata kwenye mti ulio imara. Mwaloni una tabia moja ya kuangaliwa: asidi iliyomo ndani yake hushambulia chuma kitupu, ubao ukawa na madoa meusi na boliti ikaliwa polepole mahali usipopaona. Tumieni boliti zilizopakwa zinki, zenye kichwa cha mviringo na shingo ya mraba kama zile za awali, na mzipake rangi kabla ya kuzipitisha.

Boriti za chini ndizo zinazotaka uangalifu mkubwa zaidi. Chesisi ya lori, yaani fremu yake ya chuma, hujipinda linapopita kwenye mashimo, na boriti za mbao zilizolala juu yake hupokea mtikisiko huo ili bodi isipasuke. Ncha ya ubao wa sakafu ikioza, unaweza kuikata hadi kwenye mbao nzima na kuunga kipande kipya kwa mkato mrefu wa mshazari na gundi ya epoksi. Boriti inayobeba uzito siiungi, naibadilisha nzima. Kazeni boliti za umbo la U zinazoifunga kwenye chesisi mpaka zishike barabara, bila kuponda mbao, na mzikague tena baada ya safari chache za mwanzo, kwa maana mbao mpya hutulia na nati hulegea.

Kuoza huanzia pale ambapo mbao na chuma vinagusana na maji hayana pa kutokea, na kwenye ncha zilizokatwa, ambazo hunyonya maji upesi kuliko ubavu wa ubao. Basi toboeni matundu yote kwanza, mjaribishe kila kipande mahali pake, mfungue tena, kisha mpake dawa ya kuzuia kuoza na rangi ya kwanza pande zote nne, ncha zote mbili na ndani ya kila tundu. Ni kazi ya kuchosha, lakini rangi inayopakwa baada ya kufunga haifiki mahali panapooza.

SWALI: Shikamoo Fundi. Niko Tanga, nafufua lori kuukuu la Bedford lililokuwa la jeshi. Mwaloni huku haupatikani. Nimenunua mbao za mvule wiki iliyopita, bado mbichi. Naweza kuanza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mvule umechagua vizuri, kwani kiini chake hustahimili mchwa na unyevu. Hakikisha tu kwamba aliyekuuzia ana vibali vya mbao hizo. Vaa barakoa unapokata na kupiga msasa, maana vumbi la mvule huwasha ngozi na kuumiza kifua, na uangalie mawe yanayojificha ndani ya mti huo, ambayo yamevunja meno ya misumeno mingi.

Lakini usianze sasa. Mbao mbichi zikifungwa leo zitasinyaa zikiwa zimeshikwa na boliti, nazo zitapasuka. Zipange kivulini, mbali na ardhi, zikitenganishwa na vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite, na upake rangi kwenye ncha zake zisipasuke. Kwa kawaida tunahesabu kama mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene, lakini pwani usitegemee kalenda peke yake. Chagua ubao mmoja, upime uzito kila baada ya wiki mbili na uandike. Uzito ukiacha kupungua katika vipimo vitatu mfululizo, toa randa.