Maswali ya Wasomaji: Mvinyo wa Provence na Zabibu Zake

Katika toleo lililopita tulichapa makala fupi kuhusu Provence, ile pwani ya kusini mashariki mwa Ufaransa inayotoka upande wa Marseille hadi kuukaribia mpaka wa Italia. Makala yenyewe iligusa mvinyo kwa aya moja tu, lakini barua karibu zote zilizotufikia zimeuliza kuhusu aya hiyo. Tumechagua nne.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mhudumu katika hoteli moja ya Nungwi. Wageni wengi huagiza mvinyo wa rangi ya waridi kutoka Provence. Mimi mwenyewe mvinyo siutumii, lakini kazi inanidai niweze kuueleza. Mwenzangu anasema ni mvinyo mwekundu uliochanganywa na mweupe, na kwamba uliopauka zaidi ndio bora zaidi. Je, ni kweli? — Msomaji, Nungwi, Zanzibar*

Mwenzako amekosea mara mbili, ingawa kosa la kwanza hufanywa hata na watu wanaoinywa roze hiyo, yaani mvinyo wa rangi ya waridi, kila wiki. Chukua zabibu moja nyeusi jikoni kwenu, ichune ganda kwa ukucha, kisha uitazame nyama yake: utaona kijani kilichopauka, na maji yatakayokudondokea vidoleni hayatakuwa na wekundu. Isipokuwa kwa aina chache sana za zabibu, rangi yote imo ndani ya ganda. Anayetaka mvinyo mwekundu huyaacha maji na maganda yakae pamoja kwa siku nyingi huku yakichachuka, na anayetaka roze huyatenga mapema. Huko Provence wengi huvuna usiku au alfajiri, kuanzia mwishoni mwa Agosti, ili zabibu zifike kwenye shinikizo zikiwa bado baridi, kwa kuwa joto hutoa rangi kwa haraka na kufukuza harufu. Zabibu hukamuliwa papo hapo au huachwa ziloweke kwa saa chache tu, na maji yanayotoka, yenye rangi ya nyama ya pera, huchachushwa bila maganda kama ya mvinyo mweupe.

Kuhusu kuchanganya, sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu roze ya kawaida itengenezwe kwa kumimina mvinyo mwekundu ndani ya mweupe, na wanaojulikana kwa kuwa na ruhusa ni watu wa Champagne, eneo la kaskazini mashariki mwa Ufaransa. Mwaka 2009 Kamisheni ya Ulaya ilitaka kulegeza sheria hiyo. Wakulima wa Provence, ambao karibu sehemu tisa kati ya kumi za mvinyo wao ni roze, walikuwa mstari wa mbele kupinga, na pendekezo likaondolewa mwaka huohuo. Kinachoruhusiwa kwao ni zabibu nyeupe kidogo, hasa aina ya Rolle, kuingia pamoja na nyeusi kabla ya kuchachuka, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Sasa weupe wake. Rangi iliyopauka inakuambia kwamba maji yalikaa na maganda kwa muda mfupi au kwamba zabibu zilikuwa za aina isiyo na rangi nyingi, basi. Haikuambii kama mvinyo ni mtamu, na roze ya Provence kwa kawaida haina sukari ya kuhisika, wala haikuambii kama ni mzuri. Kupauka kumekuwa fasheni, na kwa maoni yangu fasheni hiyo imeivuruga Bandol, eneo la mvinyo la pwani ya Provence, zaidi ya kuisaidia, kwa sababu roze ya huko yenye rangi nzito kidogo ndiyo inayostahimili samaki wa viungo. Neno moja la kikazi: chupa hizo huwa za kioo cheupe ili rangi ionekane, na mwanga huuharibu mvinyo ulio ndani yake. Zile mnazozipanga kwenye rafu ya dirishani ili wageni wazione, zitoeni hapo leo.

*Bwana Mhariri, mimi ni mtu wa Bukavu na sasa ninaishi Marseille. Baba mkwe wangu, mwenyeji wa huku, alitufungulia chupa ya Bandol nyekundu ya miaka mitatu, akaisifu mno. Mimi niliona inakausha ulimi na kunuka ngozi ya mnyama. Nilinyamaza kwa heshima. Je, kasoro ilikuwa kwenye chupa au kwangu? — Msomaji, Marseille*

Kasoro ilikuwa kwenye kalenda. Bandol nyekundu ya miaka mitatu ni sawa na embe lililoangushwa kwa fimbo kabla ya wakati wake. Msingi wake ni zabibu ya Mourvèdre, ambayo kwa sheria haipungui nusu ya mvinyo huo, na iliyobaki huwa hasa Grenache na Cinsault. Punje za Mourvèdre ni ndogo na ganda lake ni nene, kwa hiyo katika kila lita ya maji kuna maganda mengi, na ganda ndilo linaloleta ule ukakasi unaoukumbuka, kama wa ndizi mbichi. Sheria hiyohiyo inataka mvinyo ukae katika mapipa ya mbao kwa miezi isiyopungua 18 kabla ya kuuzwa, lakini muda huo hutosha tu kuutuliza kidogo. Wenye subira huuacha ufike miaka kumi hivi, na hapo ukakasi hulainika. Harufu ya ngozi haitaondoka, kwa kuwa ndiyo tabia ya zabibu yenyewe, na wanaoipenda huitafuta.

Kwa nini basi watu wa Bandol wameshikilia zabibu ngumu namna hiyo? Wenyeji husema kwamba Mourvèdre hupenda kuiona bahari, na usemi huo una maana ya kilimo ndani yake. Zabibu hii huchelewa sana kuiva, inahitaji jua kali la muda mrefu, na wakati huohuo haitaki kukaushwa kabisa. Vilima vya Le Castellet na La Cadière-d'Azur vimekaa kama bakuli lililoinamia kusini, vina matuta yaliyozuiwa kwa kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, na unyevu wa bahari huvifikia jioni. Hata hivyo zabibu hii ilikaribia kutoweka huko. Baada ya janga la mdudu wa mizizi nitakayemweleza katika barua ya mwisho, ilisumbua wakulima katika kubebeshwa, yaani kuunganishwa juu ya shina la mzabibu mwingine, wakakimbilia aina zenye mazao mengi. Aliyefanya kazi kubwa ya kuirudisha ni Lucien Peyraud wa shamba la Domaine Tempier, na Bandol ikapata sheria yake ya jina la mahali mwaka 1941. Ukivuka mpaka kuingia Hispania utaikuta zabibu hiyohiyo ikiitwa Monastrell, na Waaustralia wameizoea kwa jina la Mataro.

Safari nyingine mwombe baba mkwe aimimine kwenye jagi saa mbili kabla ya chakula, tena aipeleke mezani pamoja na nyama ya kondoo. Usimwambie kuhusu embe.

*Mhariri, nilinunua chupa iliyoandikwa Cassis nikitegemea kupata kile kinywaji kitamu cha matunda meusi madogo. Nimepata mvinyo mweupe mkavu, usio na utamu. Je, nimeuziwa bandia? — Msomaji, Mombasa*

Hujauziwa bandia. Tunda unalolikusudia Wafaransa huliita cassis, na kinywaji chake kitamu husifika zaidi huko Dijon, mbali na bahari. Cassis ya chupa yako ni mji mdogo wa bandari ya wavuvi karibu na Marseille, uliokuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kabisa ya Ufaransa kulindiwa jina la mvinyo wake kisheria, mwaka 1936. Mvinyo wake mwingi ni mweupe, hasa wa zabibu za Marsanne na Clairette, na kwa samaki wa kuchoma hutajuta.

*Mwanangu Mhariri, mimi ni mkulima wa zabibu hapa Dodoma, nina miaka 67. Mjukuu wangu anasoma Aix-en-Provence na anataka kuniletea vipandikizi vya Mourvèdre ndani ya sanduku. Vitakubali huku? Na kwa nini chupa zao haziandiki jina la zabibu? — Msomaji, Dodoma*

Shikamoo mzee wangu. Nianze na jepesi. Mfaransa wa Provence huandika mahali kwa sababu sheria imemfunga kwa mahali: akiandika Côtes de Provence, jina lililolindwa kisheria mwaka 1977, amekwisha kubali orodha ya zabibu zinazoruhusiwa hapo. Tena chupa moja huwa na zabibu kadhaa, kila moja na kazi yake. Grenache huleta kilevi na uzito, Cinsault huleta wepesi na harufu ya matunda, Syrah huleta rangi, na Tibouren, zabibu ya kale ya wenyeji, huleta harufu ya majani makavu ya vilimani.

Kuhusu kukubali, mzabibu wa Provence hulazwa na baridi, huamka mwezi Machi na huvunwa mara moja. Wako wewe hauna baridi ya kuulaza. Unaulaza na kuuamsha mwenyewe kwa mkasi wa kupogolea, ndiyo maana unavuna mara mbili kwa mwaka. Tena wao wana upepo wa Mistral unaoshuka kutoka kaskazini na kukausha majani baada ya mvua, hivyo ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu wa majani, hauwasumbui kama ambavyo ungewasumbua bila upepo huo. Zabibu inayochelewa kuiva kama Mourvèdre, ikikutwa shambani kwako na mvua za masika, itakugharimu dawa nyingi. Syrah ya Provence, kwa upande mwingine, tayari inalimwa hapohapo Dodoma, na wala huhitaji sanduku la mtu ili kuipata.

Na hilo sanduku ndilo linalonitisha. Katika miaka ya 1860 vipandikizi vya mizabibu kutoka Amerika Kaskazini viliingia Ufaransa vikiwa na mdudu mdogo aitwaye filoksera, ambaye hufyonza mizizi hadi mzabibu unakufa. Mwaka 1868, katika Provence hiyohiyo, mtaalamu wa mimea Jules-Émile Planchon na wenzake walifukua mizizi ya mizabibu iliyokuwa ikinyauka wakamkuta amejaa huko. Mashamba ya Ufaransa yaliteketea kwa miaka mingi, na dawa iliyodumu ilikuwa kuibebesha mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kiamerika yanayomstahimili, na hivyo ndivyo wanavyopanda karibu kila mahali hadi leo. Kipandikizi kinaweza pia kubeba virusi visivyoonekana kwa macho. Kwa hiyo nenda kwanza kwenye kituo cha utafiti cha Makutupora, uwaulize wana aina gani za majaribio, na kama bado utaitaka Mourvèdre, iagizwe kwa kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mjukuu na akuletee picha za jinsi wanavyopogoa. Matawi yenyewe ayaache hukohuko.