Laptopu yako haijazeeka, ni diski inayoiburura

Ndugu yangu, umesema laptopu yako ya mwaka 2015, yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa) ya gigabaiti 4, huchukua dakika saba kuwaka. Fundi anataka kukuongezea RAM, na mkeo anasema iuzwe tu. Usiuze. Badilisha diski kwanza, utie SSD, ile diski isiyo na kinachozunguka ndani. RAM nayo isubiri zamu yake.

Yangu ni ya mezani, Dell OptiPlex 7010, zile za mtumba kutoka maofisi ya Uingereza. Naishi Kisauni, Mombasa, na stima yetu mwaijua: yakatika, yarudi, yakatika tena. Kila ikirudi nilikuwa nabonyeza swichi kisha naenda kubandika chai. Chai inatokota, naipua, namimina, narudi na kikombe mkononi, naikuta kompyuta bado inazungusha vile vidoti vyake. Kitaa cha diski pale mbele hakipumziki, na ukitega sikio wasikia krr-krr kama panya ndani ya gunia la mchele.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya nilivyofanya mimi. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ifunguke Task Manager, dirisha la kuonyesha nani anafanya kazi, kisha tazama safu ya diski (Disk). Yangu prosesa (CPU), ubongo wa kompyuta, ilikuwa asilimia 6, diski asilimia 100, ikakaa hapo hapo karibu robo saa. Ndipo nikajua prosesa niliyokuwa nailaumu siyo.

Diski ya zamani ni sahani zinazozunguka, za laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na mkono unaohamahama kutafuta data. Kila safari ya mkono huo yala milisekunde 10 na ushei, kwa hivyo vitu vidogovidogo vilivyotawanyika hausomi zaidi ya mia hivi kwa sekunde. Windows ikiwaka inataka maelfu. Ni kama muuza leso wa Biashara Street ambaye kila leso unayoitaja lazima apande darini, ashuke nayo, kisha apande tena kufuata nyingine. SSD ni duka ambalo leso zote zimetundikwa mbele yako. Hakuna kinachozunguka wala kuhama.

Na hiyo RAM? Ikijaa, Windows humwaga kilichozidi kwenye diski, na diski ikiwa kobe unaumia mara mbili. Ukitia SSD, gigabaiti 4 zitavumilika. Ukiwa mtu wa kufungua kurasa ishirini za intaneti kwa mpigo, baadaye ongeza ifike 8, ikiwa laptopu yako ina nafasi. Nyingine RAM imechomelewa kwenye bodi.

Mimi nilinunua SSD ya SATA, yaani ya kiungio kile kile cha diski ya zamani, ya gigabaiti 240 kwa shilingi 2,800. Wengi hukimbilia ya terabaiti moja, sioni haja. Windows na programu za kawaida za nyumbani hazizimalizi hizo 240. Filamu na picha ziache kwenye diski ya zamani. Ya mezani hukaa na zote mbili ndani. Wewe mwenye laptopu, tia ile ya zamani kwenye kasha la USB, shilingi mia kadhaa tu.

Ila jua kwanza inaingia aina gani. Laptopu nyingi za umri wa yako huchukua ya inchi 2.5, ile bapa ya milimita 7. Nafasi ikiwa ya milimita 9.5, kunja kipande cha kadibodi uibane isicheze. Nyingine zina tundu la M.2, la SSD nyembamba mfano wa kijiti, na hapo ndipo mpwa wangu alipopigwa chenga: M.2 ziko za SATA na za NVMe, njia nyingine ya kasi zaidi, kwa macho zinafanana. Alinunua NVMe, ikaingia, skrubu ikafunga, kompyuta haiioni. Kumbe tundu lile lilikuwa la SATA peke yake. Na usione wivu kuwa NVMe husoma megabaiti 3,000 na zaidi kwa sekunde ilhali SATA huishia kama 550. Kwa mtu anayetoka kwenye diski ya kuzunguka, kazi za nyumbani hutaona tofauti ya maana.

Sasa aibu yangu. Kabla ya yote haya nilipata mjini diski ya nje ya “terabaiti 2” kwa shilingi 1,500. Nikahamishia picha za arusi ya dadangu na nikafuta za mwanzo ili kupata nafasi. Majina ya mafaili yote yalikuwepo. Kufungua: bibi harusi nusu, kuanzia kiunoni kushuka ni kijivu kitupu, nyingine hazikufunguka kabisa. Nikakipasua kile kidude, ndani nikakuta kadi ya kumbukumbu ya simu imegundishwa. Hizo hudanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake, na nafasi ya kweli ikiisha huandika juu ya vya zamani au hutupa tu. Siku hizi kila diski mpya naipima kwanza kwa H2testw, programu ya bure ya kujua ukubwa wa kweli, hata ikichukua usiku mzima. Na sifuti cha kwanza mpaka nimefungua cha pili kwa macho yangu.

Kwa hivyo nakili vyako kwanza, na uitazame afya ya diski ya zamani kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ikionyesha rangi ya manjano, usiiamini na kitu. Kuhamisha Windows kutoka diski kubwa kwenda ndogo kuna usumbufu. Mimi kwanza nilisakinisha Windows upya, na leseni ikajirudisha yenyewe kwa sababu imefungwa kwenye bodi. Lakini Windows 10 ilimalizika msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya 2015 haimo kwenye orodha ya Windows 11. Mimi baadaye nikatia Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, watoto wala hawakuuliza.

Kufunga kwenyewe ni bisibisi na nusu saa. Chomoa stima, toa betri kama inatoka. Skrubu zangu zilikuwa na kutu ya upepo wa bahari, moja ilinimalizia robo saa peke yake. Usidhani pia SSD haijali stima kukatika; kilichokuwa kinaandikwa wakati ule chaweza kupotea, nayo ya mezani haina betri. UPS ndogo, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta stima ikikatika, naiwekea akiba.

Leo inawaka kwa sekunde 25, nimepima kwa saa ya simu. Geuza laptopu, piga picha kibandiko cha chini chenye modeli, ufiche namba ya siri ya bidhaa, uiweke hapa. Nitakuambia inachukua SSD ipi kabla hujapanda matatu kwenda mjini.