Kufunga maji ya bafu la Moshi ukiwa Arusha

Dada, pole. Bafu la Moshi linavuja nawe uko Arusha, unataka kufunga maji ya moto na baridi kwa simu. Inawezekana. Fundi bomba aweke koki mbili za mota, yaani zinazozungushwa na mota ndogo unayoiamuru kwa simu kupitia intaneti, moja kwa kila bomba linaloingia bafuni. Za sumaku, zinazofunguka kwa sumaku ya umeme, sikushauri: nyingi zinahitaji presha, na maji ya simtanki hushuka taratibu. Yangu ilikuwa haizibi vizuri, ikachirizika usiku kucha mpaka mlango wa mbao ukavimba chini.

Chagua za mota zinazojifunga umeme ukikatika. Tafadhali sana, koki isikae kati ya hita na valvu yake ya usalama, presha inaweza kupasua tangi. Nyaya mwachie fundi umeme.