Epazote inanuka mafuta ya taa, nitupe?

Usitupe dada! Umesema fungu la epazote (yale majani ya kiungo ya Kimexico) ulilonunua duka la Wamexico hapo Houston linanuka kama mafuta ya taa ukadhani limeharibika, hapana, epazote ndo ilivyo, hata mimi mara ya kwanza nilinusa nikarudisha shingo nyuma. Chemsha maharage meusi na kitunguu, yakikaribia kuiva, kama dakika 15 za mwisho hivi, tumbukiza kijiti kimoja chenye majani, sio fungu zima aisee utajuta. Yakibaki majani mawili matatu weka kwenye quesadilla (ile chapati ya Kimexico inayokunjwa) na jibini, tamu balaa. Ila hiyo chai ya epazote ya kutoa minyoo uliyosema umeshauriwa achana nayo, hasa kama una mimba, na mafuta yake yaliyokamuliwa ni sumu kabisa. Minyoo nenda kwa daktari.